Nimepata tagi ya myuli dia msimu wa nne Gunnison, wazoefu njooni tupange hii safari

Mtu_wa_Karatu

Wakuu habari za humu ndani. Wanaonikumbuka, mimi ndo yule jamaa wa Aurora, Colorado, niliyeleta uzi wa kuwinda elki (yule mnyama mkubwa wa pembe za matawi) mwaka juzi nikarudi na picha za miti tu mkanicheka wiki nzima. Nimerudi tena. Matokeo ya droo yametoka na nimepata tagi, yaani kibali cha kuwinda mnyama mmoja, ya myuli dia, dume, bunduki, msimu wa nne, bonde la Gunnison. Hizi pointi za droo nimeanza kuzikusanya mtoto wa pili hajazaliwa, sasa hivi yuko darasa la tatu, mama watoto alishaanza kuniuliza kama hazibadilishwi na hela. Namba ya yuniti, yaani eneo la kuwindia, sitaji, mtanisamehe, kuna watu humu nawajua.

Kwa wasioelewa hizi habari, Colorado huamki tu asubuhi ukaenda kuwinda dia. Unaomba kuanzia Machi, dirisha linafungwa mwanzoni mwa Aprili, ukikosa chaguo la kwanza unapewa pointi moja unasubiri mwaka mwingine. Msimu wa nne ndo wa mwisho wa bunduki, siku 5 tu, Jumatano mpaka Jumapili, huko karibu na sikukuu ya Thanksgiving, mwezi wa Novemba. Watu wanautolea macho kwa sababu madume wamechachamaa wanatafuta majike, dume ambaye Septemba humuoni hata kwa dawa, mwezi huo anakatiza mchana kweupe kama kalewa.

Mpango wangu ni huu. Agosti nilipanda mwenyewe kwenda kuchungulia, nikalala juu ya mstari wa miti, mita 3,600 hivi, asubuhi nikaona madume saba kwenye bonde moja na mmoja ana pembe kama tawi la mwarobaini. Nikaweka alama kwenye simu. Kwa hiyo nawaza tupige hema jirani na hapo, chini kidogo kwenye miti, mita 3,300, mimi na mshkaji mmoja, siku mbili kabla ya kufunguliwa. Bunduki ni ya risasi za .308. Hema ninalo la watu wanne, la kawaida la dukani. Mfuko wa kulalia umeandikwa 20. Nyama tutabeba tu mgongoni. Nikosoeni sasa kabla sijapotea.

KijanaWaNaks

Buda, myuli si ndio nyumbu? Sasa unaenda kuwinda nyumbu Colorado ama? Kwetu nyumbu wako Mara, na kuwinda kulipigwa marufuku 1977, ukipatikana na nyama ya porini askari wa wanyamapori, KWS, wanakubeba na sufuria yako.

Mtu_wa_Karatu

Hahaha hapana kaka. Nyumbu wa Serengeti na nyumbu mtoto wa punda na farasi lugha yetu imewapa jina moja, ndo shida. Huyu ni dia, mnyama wa jamii ya kama swala mkubwa, na kaitwa myuli kwa ajili ya masikio, makubwa kama ya baghala, yule mtoto wa punda na farasi. Akishtuka anaruka kwa miguu yote minne kwa pamoja, kama mpira, mpaka unasahau kwamba ulikuja kumpiga.

Mwana_Mvita

Kiswahili chake ni ayala. Yumo kwenye kamusi, na nyie Wakristo mnaye kwenye Zaburi ya 42. Mnalo neno zuri mnahangaika na myuli myuli.

Mtu_wa_Karatu

Shekhe umenitolea Zaburi kabisa, nimekubali. Ila nikiandika ayala humu watu watadhani ni jina la dada wa mtu. Tuseme dia tu yaishe.

BabaTatu

Mdogo wangu wa Karatu, hongera kwa tagi. Mimi niko Montrose mwaka wa 17 sasa, hayo mabonde nimeyazunguka mpaka magoti yanatoa sauti. Nikwambie ukweli mapema, mpango wako ni mzuri kwa Septemba. Kwa mwisho wa Novemba utakuwa umepiga hema makaburini.

Wale madume saba Agosti walikuwa juu kwa sababu ya majani mabichi, pembe zao hata ngozi laini zilikuwa hazijaivua, na muda huo wanakaa madume kwa madume kama vijana wa kijiweni. Hayo yote yanavunjika. Theluji ikianza kurundikana dia anashuka, si kama elki ambaye ana miguu mirefu na nguvu ya kufukua. Dia ikimfika tumboni ameisha, kila hatua anaunguza mafuta aliyokusanya kiangazi kizima. Anashuka kwenye vilima vya sejibrashi ambako vichaka vinachomoza juu ya theluji apate cha kutafuna. Tena wanafuata njia zile zile miaka nenda rudi, mtoto anafundishwa na mama yake. Kule Wyoming waliwafunga kola za kuwafuatilia wakakuta kundi linahama maili 150, kutoka Red Desert mpaka Hoback, na kurudi. Kwa hiyo yule wa pembe za mwarobaini uliyemuona mita 3,600, Novemba anaweza kuwa mita 2,500, sehemu unayoweza kuiona ukiwa kwenye gari unakula chipsi.

La pili. Usimtafute dume. Tafuta majike. Ukipata kundi la majike kumi kwenye mteremko unaotazama kusini, kule jua linakoyeyusha theluji mapema, kaa hapo hapo. Usihame. Dume mkubwa anazunguka kutoka kundi moja kwenda jingine, shingo imevimba, pua iko chini, ikifika saa nne asubuhi ndo unamuona anakuja mbio kama amesahau kitu. Watu wanatazama kundi dakika tano wanasema hakuna dume wanaondoka, mimi ninakuja nyuma yao nakaa saa mbili.

La tatu, huo mfuko wa kulalia. Hiyo 20 ni ya Farenhaiti, kwa hesabu yetu ya Selsiasi ni kama hasi 7, na mara nyingi namba wanayoandika ni ya kutokufa, siyo ya kulala usingizi. Gunnison ni moja ya miji ya baridi kali kuliko yote Marekani, baridi inashuka inatuama kwenye bonde kama maji kwenye beseni. Hasi 20 usiku mwezi huo si ajabu.

Na la mwisho ambalo ndo ningelianza. Unasema nyama mtabeba tu. Dume mkubwa ana kilo 90 na zaidi. Ukitoa mifupa unabaki na kilo 30 hivi za nyama, ongeza kichwa, ongeza bunduki, maji na nguo. Panga safari kuanzia hapo, urudi nyuma. Chora duara kwenye ramani, sehemu ambayo wewe na huyo mshkaji mnaweza kutoa dia mzima usiku mmoja kwenye theluji, halafu winda ndani ya hilo duara. Nje ya duara ukiona dume hata ana pembe kama chandelia, mpigie picha.

Mtu_wa_Karatu

Mzee nimekusoma mara tatu. Nimechoka kabla hata sijaenda.

DadaSingida

BabaTatu shikamoo. Nakubaliana na wewe karibu yote ila hapo pa kusema wote wako chini nakupinga kidogo.

Inategemea theluji imeshuka au haijashuka. Mwaka niliopata wangu Novemba ilikuwa kavu kabisa, milima imekaa kahawia kama Manyoni mwezi wa tisa. Nikasikiliza wakubwa nikaenda chini kwenye sejibrashi, nikakuta watu wamevaa rangi ya chungwa kila kilima utadhani ni mkutano wa hadhara, na majike wachache na vijidume vya pembe za matawi mawili mawili. Siku ya tatu nikapandisha, mita 2,900, pale ambapo miti ya aspeni inaishia sejibrashi inaanza, ndo nikamkuta. Dume mzee hashuki kwa kalenda, anashuka kwa theluji, na hata akishuka anabaki nyuma ya wenzake mpaka alazimike.

Kwa hiyo Karatu uwe na mipango miwili imeandikwa kabisa. Mpango wa ukavu, sehemu tatu za mita 2,800 mpaka 3,000. Mpango wa theluji, sehemu tatu za mita 2,400 mpaka 2,600. Unaangalia hali ya hewa Jumatatu, unaamua. Siyo unafika pale unaanza kuzunguka na gari unateketeza mafuta.

Halafu niwaambie na sheria maana wanaume mkiongea mnaruka hapa. Rangi ya chungwa inayong'aa inchi za mraba 500 juu ya kiuno, na kofia juu yake. Pinki inayong'aa nayo inaruhusiwa, mimi ndo ninayovaa na sitaki maneno. Ukiwa kwenye gari risasi isiwe kwenye chemba ya bunduki. Kupiga mwisho nusu saa baada ya jua kuzama, na mwezi huo jua linazama saa 11 kasoro, siku ni fupi kama likizo. Ardhi ya mtu Colorado huingii bila ruhusa hata kama hakuna uzio wala kibao, na huko chini ndo ranchi zimejaa, zimechanganyikana na ardhi ya umma kama viraka, pakua ramani za mipaka kwenye simu kabla hujatoka nyumbani sababu mtandao hakuna. Ukishapiga, tagi unaisaini na kuiandika tarehe pale pale.

Na kuna kitu kinaitwa ushahidi wa jinsia. Tagi yako ni ya dume, kwa hiyo ukikatakata nyama lazima pande moja libaki na kitu kinachoonyesha alikuwa dume, kikiwa kimeshikana chenyewe na nyama. Unanielewa. Usikikate ukakitupa.

KijanaWaNaks

Wueh. Kwa hivyo mtu anapanda mlima siku tano halafu anashuka amebeba hiyo ya kuonyesha bwana nyama.

DadaSingida

Ndiyo baba. Ndivyo ilivyo.

BabaTatu

Binti marahaba. Nimekubali ya mipango miwili. Lakini mwaka mmoja kavu usiufanye kanuni, miaka mingi niliyokaa huku theluji ilikuwepo.

Mchaga_wa_Dallas

Wadau mimi ndo huyo mshkaji anayesemwa hapo juu, kumbe jina langu limeshafika humu. Mimi sina tagi, naenda kubeba mizigo na kula. Watu wananitisha habari ya urefu wa mlima, nilishapanda Kilimanjaro nikafika kileleni, 5,895, kwa hiyo huko kwa mita 2,900 mnanitania.

DadaSingida

Kaka Kilimanjaro ulipanda taratibu, ukalala Mandara, ukalala Horombo, mwili ukapata muda. Huku unatoka Dallas ambako ni kama mita 130 juu ya bahari, unashuka kwenye ndege Denver mita 1,609, mnaendesha mnakatiza Monarch Pass mita 3,448 jioni hiyo hiyo, kesho yake alfajiri unabeba begi unapanda. Kichwa kitakuuma mpaka uione Moshi. Njoo siku mbili mapema, kunywa maji, pombe iache mpaka mrudi. Na hiyo Monarch ikipigwa na theluji inafungwa kwa masaa, wekeni cheni kwenye gari na blanketi na chakula.

MutuYaGoma

Bandugu salama. Miye niko mutu ya Goma, niko naishi Grand Junction. Minaona munasema mingi juu ya bunduki na mlima, hakuna mutu anasema juu ya miguu. Mwaka wa kwanza nilivaa buti ya joto sana, nikapanda, nikatoka jasho yote, kisha nikaketi kuangalia na darubini. Dakika makumi mbili tu jasho ikakuwa barafu. Vidole viwili mpaka leo havisikii muzuri. Sasa napanda na nguo kidogo, nasikia baridi wakati wa kuanza, ni sawa. Nikifika juu navua soksi navaa zingine kavu, navaa koti kubwa, ndipo naketi. Pamba hapana, hata chupi. Sufu tu.

BabaTatu

Huyu bwana wa Goma kasema kitu cha maana kuliko mimi. Niongezee ya baridi kidogo.

Bunduki, fungua bolti ufute mafuta yote, acha kama kivuli cha mafuta. Kwenye hasi 20 mafuta yanakuwa kama asali na pini inagonga kivivu, unafyatua unasikia tik. Usiku bunduki iache kwenye gari au nje ya hema, imefungiwa, ukiiingiza kwenye joto inatoka jasho na asubuhi inaganda. Chupa ya maji ilaze kichwa chini, barafu inaanzia juu kwa hiyo mdomo unabaki wazi. Yale majiko madogo ya gesi ya mtungi, ukichukua gesi ya byuteni haitoki kwenye baridi, chukua propeni au jiko la mafuta. Betri zote za simu na za kipima umbali zilale na wewe.

Na kupiga kwenye mteremko. Mtu wa kwetu akipima mita 300 kwenda bondeni anapiga kama ni 300, risasi inapita juu ya mgongo. Mlima ukiwa nyuzi 30 hizo 300 kwa risasi ni kama 260, sababu kinachohesabika ni ule umbali wa chini uliolala, siyo wa macho. Siku hizi vipima umbali vingi vinakupa jibu lenyewe, soma namba ya pili siyo ya kwanza. Na kapige risasi za majaribio ukiwa umevaa glavu na lile koti nene, siyo fulana, koti linabadilisha mkao wa bunduki begani.

Sasa swali langu kwako Karatu, kama dia wako mita 2,500 na barabara iko hapo hapo, hema la nini? Moteli mjini Gunnison wawindaji wanagawana chumba, unaoga, unakausha buti, saa kumi na moja alfajiri unatoka. Hema wanalilalia watu wanaotaka picha.

Mwana_Mvita

Na sisi tunaokula vya kuchinjwa tusisahauliwe. Karatu uliniahidi paja. Wewe ni Mkristo na Biblia yako lakini mimi nasema kwa ajili ya wengine wanaosoma. Ukiwa Muislamu unawinda, unataja jina la Mwenyezi Mungu pale unapofyatua, risasi ikatoboa ukamkuta ameshakufa, masheikh wengi wa leo wanasema ni halali. Ukimkuta yu hai unamchinja. Kwa hiyo kisu kiwe mfukoni, siyo chini ya begi. Muulize shekhe wako lakini ndivyo nilivyofundishwa mimi.

KijanaWaNaks

Serious sasa. Mimi niko na viza ya masomo, naweza kwenda na hawa wazee siku moja ama nitafukuzwa nchi?

DadaSingida

Mdogo wangu hapo uliza kabla hujagusa chochote. Sheria ya shirikisho inamkataza mwenye viza ya muda kushika bunduki au risasi, isipokuwa kwa sababu chache, na mojawapo ni kuwa na leseni halali ya kuwinda iliyotolewa na jimbo. Mwenye grini kadi hana hicho kizuizi. Lakini muone wakili wa uhamiaji akuandikie, usitegemee Dada wa mtandaoni. Halafu ni lazima ufanye kozi ya usalama ya wawindaji, kila aliyezaliwa kuanzia Januari 1, 1949, maana yake wewe na baba yako labda. Na ukae Colorado miezi sita mfululizo ndo ulipe bei ya mkazi, tagi ya dia ya mtu wa nje ni kama mara kumi.

Mtu_wa_Karatu

Wakuu nimefuta mpango wa kwanza wote. Mpya uko hivi: moteli, siyo hema. Sehemu sita kwenye ramani, tatu za ukavu tatu za theluji, zote ardhi ya umma, hakuna iliyozidi kilomita 2 na nusu kutoka barabarani. Nimenunua stendi ya darubini ya miguu mitatu, imeniuma lakini nilipoifunga darubini inayokuza mara 15 nikaangalia kilima cha jirani nikaona sungura anajikuna sikio. Mama watoto kauliza hiyo nayo inabadilishwa na pointi. Tuonane Desemba.

Mtu_wa_Karatu

Haya wakuu, nimerudi, nina usingizi lakini nawadai stori.

Jumatatu hali ya hewa ikasema kavu mpaka Ijumaa. Tukaanza na mpango wa Dada. Jumatano mita 2,850, tumekaa kabla hakujapambazuka, hasi 16, Mchaga anatetemeka mpaka mawe chini yake yanalia. Tukaona majike 14 na vijidume viwili vinasukumana. Alhamisi hivyo hivyo, sehemu nyingine, dume mmoja mzuri wa pembe za matawi matatu matatu, umbali wa kilomita moja na ushee, upande wa pili wa korongo ambalo nilipoangalia lile duara la BabaTatu yeye yuko nje. Nikampiga picha kweli. Mchaga hakuniongelesha mpaka usiku.

Asubuhi ya Alhamisi hiyo pia nikafanya ujinga, chupa ya maji nikaisimamisha kichwa juu kwenye begi, saa tatu ikawa jiwe. Na simu yangu ikazima ikiwa asilimia 34, sababu niliiweka mfuko wa nje. Ya Mchaga ilikuwa ndani kwenye kifua ikatuokoa, ramani zilikuwa humo.

Ijumaa usiku ikashuka theluji, sentimita 20 pale mjini. Jumamosi tukahamia mpango wa chini. Mteremko unaotazama kusini, mita 2,550, tukajibanza kwenye mawe. Saa 1 na dakika 40 majike tisa wakatokea mmoja mmoja wanachapua vichaka, theluji inawaganda kwenye kope. Nilitaka kuhama saa tatu. Naapa nilishafunga begi. Mchaga akasema mzee wa Montrose kasema saa mbili, hatujatimiza saa mbili, kaa chini.

Saa nne kasoro dakika kumi majike wote wakageuza masikio upande mmoja. Hayo masikio ndo yaliyoniambia, hata darubini sikuwa nayo machoni. Akatoka kwenye misonobari anatembea haraka, shingo nene kama ya ng'ombe, akanusa jike wa kwanza, akainua mdomo juu akaukunja kama mtu aliyeonja limau. Kipima umbali kikasema 240, namba ya pili 228. Nikalala juu ya begi, nikasubiri asimame ubavu. Nilikuwa nasikia moyo kwenye kitako cha bunduki. Akasimama. Sikusikia mlio, nilisikia tu ule mpigo unarudi, pap. Akaruka mara mbili hivyo vya miguu minne, akaenda kama mita 40 akaangukia kwenye mfereji.

Pembe ya kulia ina matawi manne, ya kushoto matatu na la nne limevunjika, amepigana. Kwenye shingo ana kovu bichi. Nilikaa naye kidogo kabla ya kutoa kisu. Babu yangu alikuwa anawinda na watu wa Eyasi enzi hizo na alikuwa anamshika mnyama sikio anamwambia maneno, mimi sikuyajua hayo maneno, nikamshika tu sikio. Ni kubwa kweli, limejaa kiganja na kuzidi.

Kuchuna ndo kazi sasa. Mwanzo mikono inapata joto la mnyama, unafurahi, baada ya nusu saa damu inaganda kwenye mpini wa kisu na vidole vinakuwa vya mtu mwingine. Tulivaa glavu za mpira juu ya glavu nyembamba za sufu, hiyo ilisaidia. Hatukupasua tumbo, tulitoa mapaja na mabega na mnofu wa mgongo tukaweka kwenye mifuko ya kitambaa juu ya theluji. Safari mbili, kilomita 2 na robo kila moja. Tulimaliza saa mbili usiku. Safari ya pili Mchaga alikaa kwenye theluji akasema nendeni mkaniite kesho. Wakati huo ingekuwa lile korongo la Alhamisi tungekuwa tunaongea habari nyingine.

Jumatatu kichwa nikakipeleka ofisi ya wanyamapori wachukue tezi za kupima ule ugonjwa wa ubongo wa dia. Nyama bila mifupa kilo 31, iko kwenye friza imeandikwa usile mpaka majibu.

BabaTatu

Safi sana mwanangu. Na huyo Mchaga aliyekukalisha chini mpe mnofu wa mgongo, siyo shingo.

MutuYaGoma

Vidole vyote viko?

Mtu_wa_Karatu

Viko vyote kumi na kumi. Soksi nilibadilisha kila siku, ubarikiwe.

Mwana_Mvita

Majibu yakitoka niambie. Paja usiligandishe mara ya pili.

Mtu_wa_Karatu

Majibu yametoka leo, wiki mbili kamili, hana ugonjwa. Ila kuna jambo. Dada wa Singida ulisema ule ushahidi ubaki kwenye pande moja, nikatii, nikafika nyumbani usiku nimechoka nikaingiza pande zima kwenye friza hivyo hivyo. Leo mama watoto katoa nyama ya kuyeyusha kwa ajili ya wageni wa kanisani. Naomba mtu anisaidie namna ya kumueleza kwamba ni sheria ya jimbo.